Kasuku Mgeni Akae Demani

Mkia wa kasuku wa kijivu ni mwekundu, na hakuna anayeushangaa. Likitokea nyoya jekundu kifuani, hapo ndipo watu husimama. Mzee mmoja wa Ngamiani hapa Tanga, muuza vipuri vya baiskeli ambaye barazani kwake hapakosi matundu ya ndege, aliniita siku moja nimtazame wake. Nikamwamkia, naye hata marahaba hakuimaliza vizuri: "Mwanangu, sogea uone. Huyu anageuka mfalme." Manyoya matatu mekundu, yamejipanga upande wa kushoto wa kifua kama vifungo vya shati. Nikamsifu, kama walivyomsifu wengine.

Ubavuni mwa tundu lile, ndoano ya pili, palikuwa na jozi ya cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa. Aliwanunua miezi miwili kabla, na muuzaji alimhakikishia kuwa ni wazima. Kwa macho walikuwa wazima kweli: wanakula, wanapiga kelele, manyoya yamelala vizuri. Tundu la tatu lilikuwa la cherero wake wa siku nyingi, ambao mwezi huo walikuwa wameangua vifaranga wanne. Wawili walishakufa. Wawili waliobaki walikuwa wanaota manyoya ya ajabu, mafupi, yamebanwa kwenye shina kama uzi uliopigwa fundo, mengine yana damu kavu ndani ya kikonyo. Nilipogusa moja kwa ncha ya kidole likabaki mkononi.

Kila aliyepita pale alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema kitunguu saumu kwenye maji. Mwingine shubiri. Watatu, kwa nyakati tofauti, walitaja vidonge vya tetrasaiklini, na hao hawakuwa wajinga, maana kuna ugonjwa wa kasuku unaosikia dawa za jamii hiyo. Huo ni homa ya kasuku, ile iliyozagaa duniani mwaka 1929 na 1930 kwa sababu ya ndege waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini, na ambayo huingia mapafuni mwa binadamu. (Ukifuga ndege na ukapata homa na kikohozi kisichoisha, mwambie daktari kwamba unafuga ndege. Asipoambiwa atalijuaje?) Lakini homa ya kasuku husababishwa na bakteria. Cha pale barazani hakikuwa na dalili za bakteria, na kwa virusi tetrasaiklini ni maji ya rangi tu.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Tumezoea kufikiri kwamba kudhibiti ugonjwa ni kutibu mgonjwa. Kwa virusi vingi vya kasuku tiba haipo, na kinachobaki ni kuzikata njia ambazo virusi hupitia. Watu wa Tanga wasilione hili kuwa geni. Mji huu ulikuwa na taasisi iliyozalisha mbung'o kwa maelfu, madume yakahasiwa kwa mionzi na kumwagwa Unguja kwa eropleni miaka ya 1990, hadi mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Nagana, maradhi ya ng'ombe yanayoletwa na mbung'o, iliondoka Unguja kwa sababu mdudu aliyekuwa akiibeba aliondoshwa, si kwa sababu kila ng'ombe alichomwa sindano. Kwenye tundu la kasuku hakuna mbung'o, lakini swali ni lile lile: kinabebwa na nini, na kinapita wapi?

Kwanza tutenganishe virusi vyenyewe, kwa sababu watu huvichanganya halafu wakatumia silaha moja kwa wote. Njia rahisi ya kuvitenga ni koti. Kuna virusi vinavyovaa koti la mafuta. Koti hilo huvisaidia kuingia ndani ya chembe za mwili, lakini ndilo udhaifu wao, maana sabuni huyeyusha mafuta, na koti likienda kirusi kimekwisha. Kuna virusi vingine visivyo na koti. Hivyo vina ganda gumu la protini tu, na sabuni ya unga hupita juu yao kama mvua juu ya jiwe. Hukaa kwenye vumbi, kwenye ubao wa kisanduku cha kutagia, kwenye pembe ya tundu, wakisubiri miezi.

Ugonjwa wa mdomo na manyoya, ambao wafugaji huuita kwa herufi zake za Kiingereza, PBFD, ni wa kundi hili la pili. Kirusi chake ni miongoni mwa vidogo kabisa vinavyojulikana. Maandishi yake yote ya urithi ni herufi 2,000 hivi, ilhali ya binadamu ni bilioni 3. Madaktari wa wanyama wa Australia ndio walioueleza kitaalamu miaka ya 1970, walipowaona kasuku weupe wenye kishungi wakibaki uchi mmoja baada ya mwingine. Kirusi huua chembe zinazootesha nyoya na mdomo, ndiyo maana nyoya jipya huja limebanwa na mdomo huweza kurefuka kupita kiasi na kupasuka. Ubaya mkubwa zaidi hauonekani. Hushambulia pia viungo vinavyotengeneza kinga ya mwili, na ndege wengi hatimaye hufa kwa kuvu au bakteria ambao ndege mzima angewashinda.

Kuna dalili moja ambayo naipenda, ikiwa neno hilo linafaa, kwa jinsi inavyopinga akili ya kawaida. Kasuku wale wa kishungi huwa na unga mweupe, poda inayotoka kwenye manyoya maalumu, na poda hiyo huufanya mdomo wao mweusi uonekane wa kijivu kama umepakwa majivu. Akiugua, manyoya ya poda hufa kwanza, na mdomo huanza kung'aa mweusi. Mwenye ndege hufurahi kwamba mdomo umetakata. Kwa kasuku wa kijivu, nyoya jekundu mahali pasipo pake nalo ni miongoni mwa dalili. Lakini laweza pia kuletwa na jeraha kwenye kitundu cha ngozi kinachootesha nyoya, au likawa ni maumbile tu. Makinda wa kasuku wa kijivu hawangoji hata hatua ya manyoya. Damu yao huishiwa chembe, na mara nyingi hufa ndani ya siku chache wakiwa na manyoya mazuri kabisa.

Na cherero? Cherero wengi hubeba kirusi hiki bila kuonyesha lolote. Hapo ndipo penye kiini cha habari yote hii. Ndege mgonjwa anayeonekana mgonjwa hana hatari kubwa, kwa sababu hata mtoto mdogo atasema msimguse. Wa kuogopwa ni yule mzima, anayemwaga kirusi kwa kinyesi, kwa vumbi la manyoya, kwa chakula anachowacheulia makinda kutoka goleni, na hata kupitia yai. Tangu kuambukizwa hadi dalili kuonekana huchukua wiki tatu kwa uchache, na huweza kufika miezi mingi, hata zaidi ya mwaka.

Kirusi cha polyoma nacho hakina koti, lakini tabia yake ni nyingine. Kiligunduliwa mwaka 1981 kwenye makinda ya kasuku wadogo wa Australia, wale wa rangi rangi wanaouzwa sana madukani. Ndege mkubwa huambukizwa, humwaga kirusi kwa muda, kisha mara nyingi hujisafisha bila mwenye tundu kujua kitu. Kinda hufa. Leo asubuhi amekula, mchana gole limejaa halishuki, jioni ana madoadoa ya damu chini ya ngozi. Chombo kinachokisambaza kuliko vyote ni bomba la sindano la kulishia uji, linalopita mdomo hadi mdomo kwa makinda waliokusanywa kutoka nyumba tofauti. Dawa yake ni ya kuudhi: kusimamisha uzazi kwa miezi kadhaa, hadi nusu mwaka kwa makundi ya ndege wadogo, visanduku vichomwe moto, ili kirusi kikose kinda wa kumwingia. Mfugaji anayeuza makinda hapendi kusikia hivyo. Namwelewa.

Wenye makoti ni wepesi kuwaua nje ya mwili na wagumu ndani. Ugonjwa wa Pacheco, uliopewa jina la mtafiti wa Brazili Genésio Pacheco aliyeueleza mwanzoni mwa miaka ya 1930, unatokana na kirusi cha ukoo wa malengelenge. Humlalia ndege mwilini maisha yake yote kama malengelenge yanavyomlalia mtu, kisha huamka ndege akihamishwa, akibanwa, akibadilishiwa mwenzi. Anayeamkiwa anaweza asife, jirani zake wakafa usiku mmoja. Kirusi cha borna, ambacho mwaka 2008 watafiti walikihusisha na ugonjwa wa kukonda uliokuwa umewasumbua wafugaji tangu miaka ya 1970, hushika mishipa ya fahamu ya tumbo. Ndege anakula kwa pupa na bado anakonda, na kwenye kinyesi unaziona mbegu za alizeti zimetoka nzima nzima. Wengi wanaokutwa na kirusi hiki hawaugui kamwe, kwa hiyo kumuua ndege kwa sababu ya karatasi ya majibu peke yake ni ukatili usio na faida.

Halafu kuna mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kila anayefuga kuku Tanga anaujua. Asichojua ni kwamba kasuku anaweza kuubeba, na akaubeba muda mrefu. Kuna kasuku wa Amerika ya Kusini walioonekana kumwaga kirusi cha mdondo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1971 mdondo mkali uliingia California, na ndege waliosafirishwa kutoka nje, kasuku wakiwemo, ndio waliolaumiwa. Hadi unazimwa, karibu kuku milioni 12 walikuwa wameteketezwa. Kwa uani wa Kiswahili, ambako kuku wanadonoa chini ya tundu la kasuku punje anazozitupa, njia ni ya pande mbili. Kwa bahati nzuri hapa kuna chanjo ya kuku inayohimili joto, ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, tone moja jichoni na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Si chanjo ya kasuku. Lakini kuku waliochanjwa ni ukuta mzuri wa kumzunguka kasuku, na ni rahisi kuliko kuwafungia kuku wote wa mtaa.

Sasa njia zinakatwaje? Neno ambalo kila mtu analitaja ni karantini, na wengi hulitaja wakimaanisha tundu jingine kwenye baraza ile ile. Oktoba 2005 Uingereza ilipata somo juu ya hilo. Kasuku aliyeletwa kutoka Suriname alifia kwenye nyumba ya karantini huko Essex, akakutwa na mafua makali ya ndege ya H5N1. Ulaya nzima ikatikisika, na ndani ya siku chache uingizaji wa ndege wa porini ukasimamishwa, marufuku iliyofanywa ya kudumu mwaka 2007. Uchunguzi ulipofanywa ikaonekana kasuku yule huenda hakuwa na hatia kabisa. Nyumba ile ile ilikuwa na ndege wadogo kutoka Taiwan, wengi wao wakifa, na sampuli yake ilikuwa imechanganywa na za hao. Karantini ya serikali, yenye kufuli na makaratasi, ilikuwa imewaweka pamoja wageni wa mabara mawili. Kama imewapata wao, sisi wenye uani mmoja tuna sababu ya kujiangalia.

Karantini ni umbali na muda. Tuanze na umbali. Chumba chenye mlango na kuta ni bora kuliko vyote, na ndege akikaa nyumba ya ndugu asiyefuga ni bora zaidi. Asiyekuwa na chumba atazame upepo, na hapa mtu wa pwani ana msamiati ambao vitabu vya mifugo havina. Vumbi la manyoya ni jepesi mno. Wakati wa kusi linapeperushwa kuelekea kaskazini, wakati wa kaskazi linarudi kusini. Chomboni upande upepo unakotoka ni goshini, na upande unakoelekea ni demani. Kasuku wenyeji wakae goshini, mgeni akae demani, na upepo ukibadilika mwakani, matundu nayo yahamishwe. Usiku umande huvuma kutoka bara na kuvuruga hesabu, kwa hiyo upepo usihesabiwe kuwa ukuta. Unapunguza mzigo tu.

Mtu mwenyewe ni upepo mwingine. Walishe wenyeji kwanza, mgeni mwishoni. Mgeni awe na vikombe vyake, kitambaa chake, na wewe uwe na kandambili na shati la kumwendea yeye peke yake. Nimeona mtu anayefuata haya yote halafu anamruhusu mgeni wa kibinadamu, mfugaji mwenzake, aingize kidole katika kila tundu akipiga mluzi. Huyo kidole chake kimetoka wapi asubuhi?

Upande wa muda, siku thelathini hadi arobaini na tano ndizo hutajwa sana. Zinatosha kunasa magonjwa ya haraka. Pacheco hujitokeza ndani ya siku chache hadi wiki mbili, mdondo kwa kawaida ndani ya wiki tatu. Kwa PBFD na borna siku hizo ni kama kungoja basi kwenye kituo ambacho halipiti. Hapo ndipo kipimo kinapoingia: siku hukamata vya haraka, kipimo hukamata vya polepole, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kipimo chenyewe, kile cha PCR, hutafuta maandishi ya urithi ya kirusi kwenye damu kidogo na manyoya yaliyong'olewa na mizizi yake. Manyoya yaliyookotwa sakafuni hayafai, kwani yanaweza kuwa yamebeba vumbi la ndege mwingine. Majibu yake yanataka kusomwa taratibu. Kutokutwa na kirusi leo maana yake ni kwamba hakikuonekana leo, pengine kimeingia juzi. Kukutwa nacho bila dalili yoyote si hukumu ya kifo, maana ndege huyo huenda yuko njiani kujisafisha. Atengwe, apimwe tena baada ya siku 90. Akikutwa nacho mara ya pili, mhesabu kuwa mbebaji.

Kwa mzee wa Ngamiani, daktari wa mifugo alichukua sampuli za wote, na majibu yakachukua wiki kadhaa kufika. Kasuku wa kijivu, mfalme mwenye vifungo vyekundu, hakuwa na kitu. Alirudiwa, hakuwa na kitu tena. Walioambukizwa walikuwa makinda wawili, jambo ambalo hatukulishangaa, pamoja na ile jozi mpya ya cherero. Wale wazima. Baada ya siku 90 jike lilikuwa safi. Dume bado lilikuwa nacho, na hadi leo halina nyoya moja lililopinda.

Usafi ulituchukua siku tatu. Visanduku vya mbao na vijiti vya kusimamia vilichomwa, kwa sababu mbao hunyonya na haioshwi ikaisha. Matundu ya chuma yalisuguliwa kwa sabuni kwanza hadi kinyesi chote kikatoka, ndipo yakapakwa jiki iliyochanganywa na maji, yakaachwa dakika kumi yakiwa yamelowa, yakasuuzwa, yakaanikwa juani. Utaratibu huo una sababu. Jiki ikikutana na uchafu huishia kwenye uchafu, haimfikii kirusi. Na ifanyike ndege wakiwa mbali, kwani mapafu ya ndege hayavumilii mvuke ambao wewe unauona wa kawaida. Sakafu ilifagiliwa ikiwa imelowa. Ufagio mkavu ungelirusha vumbi lote juu.

Kijana wake mmoja alitoa shauri ambalo najua limeshatekelezwa na wengi: "Baba, dume hili tulifungulie tu liende zake, si wako kibao huko nje?" Ni kweli wako. Makundi ya cherero yanayopita juu ya mji wa Tanga yametokana na ndege waliotoroka matunduni, kwa sababu cherero wa uso wa chungwa asili yao ni Serengeti na nyika za kusini mwa Ziwa Victoria, walikokamatwa kwa wingi hata mwaka 1987 wakawa ndege wa porini waliouzwa kuliko wote duniani. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Lakini pwani hii ina pia kasuku wake wa asili, wale wa kijani wenye kichwa cha kahawia wanaopenda mibuyu, na hao hawana pa kukimbilia. Mauritius walikuwa na kasuku wao wa kijani ambaye miaka ya 1980 alibaki kwa idadi ya kuhesabika kwa vidole, wakahangaika naye hadi akaongezeka, kisha mwaka 2005 PBFD ikalipuka ndani ya kundi hilo. Kumfungulia mbebaji ni kuutoa ugonjwa kwenye tundu moja lenye mlango na kuupeleka mahali pasipo na mlango.

Kwa hiyo dume liko chumba cha nyuma, peke yake, na cherero hapendi upweke. Mzee amempa kioo na kengele ya baiskeli, na kila jioni akishafunga duka na kuwalisha wengine wote huenda kukaa naye. Hazalishi, hauzi, haazimi mtu tundu. Jike limerudi barazani kwa cherero wa zamani. Mwezi uliopita kaskazi ilipoanza kuvuma niliwakuta wanahamisha matundu yote kwenda upande wa pili wa uani, mzee akielekeza kwa fimbo, kasuku wa kijivu akipiga mluzi wa muuza kahawa. Manyoya yale matatu bado ni mekundu, na hakuna aliyeweza kumwambia ni kwa nini.